Daftari la mamkubwa: ndugu watatu wa Igoma, nchi tatu, na hesabu tuliyokuwa tunaikosea

Mwezi wa 5 mwaka 2023 mamkubwa aliita kikao cha familia kwake Igoma, Mwanza, ajenda ilikuwa moja tu, kiwanja cha Buhongwa kiuzwe ili kitinda mimba wake naye apelekwe nje kama wenzake. Binti ana diploma ya uuguzi, amekaa nyumbani mwaka na nusu anasubiri ajira za serikali huku anajitolea kwenye zahanati ya mtaani kwa hela ya nauli, na kuna wakala kampigia simu mara tatu anamwambia kuna kazi ya ndani Oman, riyal 90 kwa mwezi, lete milioni 3 za mchakato mengine tutamaliza sisi.

Mimi niliitwa kwa sababu ndo mwenye daftari. Ni karani pale Mwaloni Kirumba, napima dagaa na kuandika magunia ya watu, kwa hiyo watoto wa mamkubwa walipoanza kutoka mmoja mmoja tangu 2014 nikapewa kazi ya kuandika kila hela inayoingia, tarehe, nani katuma, imefanya nini. Mamkubwa hajasoma sana ila hesabu zake anazitaka sawa. Siku hiyo alitaka niwasomee wajomba ili ionekane nchi gani inalipa, binti apelekwe hukohuko.

Nikasoma. Kwa daftari langu Oman imeshinda, tena kwa mbali, Afrika Kusini ya pili, Marekani imeshika mkia. Wajomba wakaguna, mmoja akasema huyo wa Marekani ametusahau. Ndo hapo nikaomba niongee kabla mtu hajatafuta mteja wa kiwanja, maana mimi nimeliandika hilo daftari miaka tisa na nilijua halisemi ukweli wote. Naliweka hapa kwa urefu kwa sababu najua kanda hii ya ziwa familia nyingi zinapiga hesabu ileile tuliyoipiga sisi.

Nianze na dada, maana yeye ndo aliyembeba kila mtu. Alitoka 2016 kwenda kazi za ndani Oman, akamwacha mtoto wa miaka 4 kwa bibi yake. Mshahara riyal 80. Riyal ya Oman imefungwa kwenye dola, moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo 80 ni dola 208, wakati ule inakaribia laki 5 ya kwetu. Mtu wa Igoma akisikia laki 5 halafu anatuma riyal 60 kila mwezi bila kukosa anasema huyu kafanikiwa. Lakini jiulize mtu anawezaje kutuma robo tatu ya mshahara wake kila mwezi. Ni kwa sababu hana maisha mengine. Analala kwa bosi, anakula kwa bosi, hapandi daladala, hapangi chumba, hatoki, anaamka kabla ya adhani na analala wageni wakiondoka. Ile hela ilikuwa inafika nzima kwa sababu dada mwenyewe huko hakuwa na pa kuitumia, na sisi huku tukaiandika kama dalili ya neema.

Afu kuna ule utaratibu wa kafala, ambao ukitaka kuzielewa nchi za Ghuba lazima uuelewe. Viza yako imeshikiliwa na mdhamini, yani bosi. Miaka ile dada alipoenda, ukitaka kuhamia kwa bosi mwingine ilibidi wa kwanza akuandikie barua ya kukuruhusu, ukiondoka bila ruhusa yake wewe ndo mtoro, na sheria ya kazi ya Oman haikuwahusu wafanyakazi wa ndani. Pasipoti alikaa nayo bosi japo haitakiwi. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, mishahara kukatwa, kufungiwa, kufanyishwa kazi bila siku ya kupumzika, tulipoisikia redioni mamkubwa akazima redio. Sisemi kila nyumba ni mbaya, dada mwenyewe anasema bosi wake wa kwanza alikuwa mama wa Kiswahili kabisa, amekulia Zanzibar, walikuwa wanapika maharage ya nazi pamoja. Tatizo ni kwamba ukipata bosi mzuri ni bahati na ukipata mbaya huna mlango. Mshahara hauwezi kupanda kama huwezi kusema naondoka, hata mchuuzi wa dagaa anajua, mnunuzi akiwa mmoja tu bei anapanga yeye. Kwa mkataba wa kwanza, wa pili na wa tatu, miaka 6, dada alipokea riyal 80 zilezile. Tangu 2021 Oman wamelegeza, mkataba ukiisha mtu anaweza kuhama bila ile barua ya bosi wa zamani, hilo ni jambo kubwa na lazima lisemwe, ila yeye lilimkuta anaelekea mwisho.

Kaka mkubwa ndo aliyeenda Marekani 2015. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari huko Magu, akajaza bahati nasibu ya grini kadi, ile iliyokuwa inatoa viza hadi 55,000 kwa mwaka kwa nchi zinazopeleka watu wachache, kujaza enzi zile ilikuwa bure, akapata. Kulipia viza, vipimo, tiketi ikala ng'ombe saba wa babu na deni juu. Tukamsindikiza kwa mbwembwe. Miezi mitatu kimya, wa nne akatuma dola 50.

Ukweli alikuja kuniambia mimi miaka baadaye kwa voisi ya dakika 11. Cheti chake cha ualimu hakikumsaidia lolote, Texas alianzia kubeba maboksi ghalani, dola 11 kwa saa. Ukizidisha unaona dola 1,900 kwa mwezi, mara 9 ya mshahara wa dada! Toa makato, zinabaki kama 1,650. Chumba cha kushea 450, gari la mkopo 280 maana kule alipokuwa hakuna daladala bila gari huna kazi, bima ya gari 160, mafuta 120, chakula 250, simu 45, na deni la tiketi kwa rafiki 150. Inabaki chini ya dola 200 na mtu hajanunua hata koti. Kwa miaka 3 ya kwanza alituma dola 2,100 jumla. Dada kwa miaka 3 yake ya kwanza alituma riyal zaidi ya 2,000, yani dola 5,200 na ushee. Mwenye mshahara mkubwa mara 9 katuma chini ya nusu ya mwenye mshahara mdogo, hapo ndo familia inapohitimisha kwamba fulani kafeli au kajisahau.

Wachumi hili wameliona zamani. Barry Chiswick mwaka 1978 alionyesha kwamba wahamiaji Marekani wanaanza chini ya wenyeji halafu wanapanda kadiri miaka inavyoenda, baadaye George Borjas akambishia, akasema wanaokuja kila kipindi si watu wa aina moja kwa hiyo usiwalinganishe kirahisi hivyo. Waache wabishane, mimi nilichokiona kwenye daftari ni kwamba swali la huyu mtu katuma ngapi mwaka wa pili halikwambii atakuwa wapi mwaka wa nane.

Wa tatu, ambaye kwa kweli ndo alikuwa wa kwanza kutoka, ni mdogo wangu wa kiume, 2014, kwa basi. Tunduma, Lusaka, Harare, Beitbridge, Johannesburg. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, zikaisha, akaomba hifadhi ili apate karatasi ya kukaa, vijana wanaita kujilipua. Sitamtetea kwa hilo wala sitamhukumu. Ile karatasi ya muombaji hifadhi inamruhusu kufanya kazi, kwa hiyo akakodi fremu akafungua kinyozi ndani ya miezi 8, na hapa lazima niipe Bondeni, yani Afrika Kusini, haki yake. Ndugu zake wote wawili hawakuweza kitu kama hicho, dada haruhusiwi kabisa na kaka angehitaji leseni na mtaji ambao hakuwa nao. Kufikia mwaka wa pili mdogo alikuwa na viti vitatu na vijana wawili amewaajiri, mmoja Mmalawi mmoja mwenyeji. Kwa miaka mitano ya kwanza kwa maisha ya kila siku yeye ndo alikuwa na nafuu kuliko wote, anavaa anachotaka, anakula anachotaka, anatuma randi 1,500 kwa mwezi. Zilikuwa zinafika 1,300 au chini, maana benki hawakumfungulia akaunti kwa ile karatasi akawa anatuma kwa madereva. Hata kwa njia rasmi, kutuma hela kutoka Afrika Kusini ni kati ya njia ghali zaidi duniani. Umoja wa Mataifa unataka gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, yetu sisi kusini mwa Sahara inacheza kwenye 8.

Kasoro ilikuwa karatasi yenyewe. Inaongezwa muda miezi sita sita, wakati mwingine mitatu, foleni usiku kucha, na kila ikikaribia kuisha hawezi kusaini pango la mwaka wala kukopa. Kuna watafiti walifuatilia waomba hifadhi wa Uswisi wa miaka ya 1994 hadi 2004 wakakuta kila mwaka mmoja wa ziada mtu anaosubiri jibu unapunguza nafasi yake ya kuja kuwa na kazi baadaye kwa asilimia 16 hadi 23. Uswisi na Johannesburg ni mbingu na ardhi ila nilipoisoma nilimwona mdogo kabisa, kusubiri kunakula mtu. Septemba 2019 vurugu dhidi ya wageni zilipolipuka Johannesburg fremu yake ikavunjwa, mashine, viti, televisheni, kila kitu kikaenda usiku mmoja. Hana bima, hana akaunti, biashara haikuwa na jina lake popote. Akarudi kunyoa kwenye kiti cha mtu.

Sasa mwaka ulionifungua macho mimi ni 2020, na niliwaomba wajomba waangalie kurasa za mwaka huo peke yake.

Corona imeingia, wote watatu wamekosa kipato ndani ya wiki chache. Mdogo, Afrika Kusini imefunga kila kitu mwisho wa Machi, vinyozi hawakuruhusiwa kufungua hadi katikati ya mwaka, daftari linaonyesha sufuri, tena kuna mahali sisi ndo tumemtumia yeye laki 2. Dada, bosi wake kasema biashara yangu imelala sina hela, akafanya kazi miezi 7 bila mshahara, na kazi iliongezeka maana familia nzima iko ndani, hana pa kushtaki, ndege hazitembei, sufuri. Kaka kapunguzwa ghalani mwezi wa 4, na huyu ambaye tulimwita amefeli ndo mwaka aliotuma nyingi kuliko wakati wowote, dola 300 kila mwezi kuanzia wa 5 hadi wa 8. Mamkubwa alidhani kapata kazi mpya. Hakuwa na kazi! Mwenye grini kadi alikuwa anahesabiwa sawa na raia kwenye msaada ule, serikali ikampa dola 1,200 za mkupuo, halafu fao la kukosa ajira likiongezwa dola 600 kila wiki hadi mwisho wa Julai, ikawa zaidi ya mshahara wake wa kubeba maboksi. Hiyo iliyobaki akalipia shule ya leseni ya malori. Leo anaendesha trela, analipwa kwa maili, wiki nzuri inampa dola 1,100.

Bidii ya wale watu watatu ni ileile, nimekua nao nawajua, wote wametoka kwenye nyumba moja ya mawe na tope, wote walikuwa wanachota maji kabla ya shule. Ukiwapima kwa bidii dada angekuwa tajiri. Kilichowatenganisha ni kile nchi iliyowapokea ilichowaruhusu.

Mjomba mmoja hakukubali. Akasema Wahindi wa Uganda Idi Amin aliwafukuza 1972 wakaenda Uingereza mikono mitupu mbona wametajirika, ni bidii. Ni hoja nzuri, na ni ya hapahapa ziwani, watu wa Kampala na Jinja, walipewa siku 90. Lakini kama 28,000 waliopokelewa Uingereza wengi wao walikuwa na pasipoti za Uingereza mkononi, maana yake wakishuka kwenye ndege wanaruhusiwa kufanya kazi, kufungua duka, kukopa, kuhama mji. Hata manispaa ya Leicester iliyotoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia msije kwetu haikuweza kuwazuia, wakaenda, wakakaa, leo ni sehemu ya mji. Na walienda na ujuzi wa biashara ambao Amin hakuweza kuutaifisha. Bidii ilikuwepo, siikatai, ila ilipata pa kushika. Mjomba akanyamaza, sijui kama alikubali au alichoka.

Kitu kingine ambacho daftari lilikuwa halikioni ni miaka. Ilipofika 2021 kaka akaapa uraia, maana grini kadi ukikaa nayo miaka 5 unaruhusiwa kuomba. Kila mwaka aliobeba maboksi ulikuwa unaandikwa mahali, akifikisha pointi 40 za michango, ambazo ni kama miaka 10 ya kazi, anakuwa na haki ya pensheni ya uzeeni. Mwanae yuko shule ya serikali kule, na wachumi Ran Abramitzky na Leah Boustan waliofuatilia kumbukumbu za mamilioni ya familia Marekani wanaonyesha watoto waliokulia kwa wahamiaji wa kipato cha chini wanapanda juu kuliko watoto wa wenyeji wa kipato hichohicho. Dada alirudi 2022. Miaka 6 Oman, pensheni hakuna, haki ya kukaa hakuna, akirudi tena anaanza kama hajawahi kufika. Mfukoni alikuwa na milioni 1 na laki 8. Mtoto wake alikuwa na miaka 10, anamwita bibi yake mama, na dada mwenyewe anamwita mama wa Oman.

Sitaki mtu aelewe kwamba Marekani ni pepo. Kaka ni mwalimu mzuri wa hesabu ambaye hatafundisha tena, analala kwenye trela siku 20 za mwezi, mgongo umeanza. Na mamkubwa alikuwa anaamini kaka akishakuwa raia anamvuta mdogo wake wa mwisho kesho yake, nikamweleza kwamba kweli raia anaweza kumwombea ndugu wa tumbo moja ila foleni hiyo ni zaidi ya miaka 15. Alikaa kimya muda mrefu.

Nikarudi kwa dada kwenye daftari, jumla yake ni milioni 23 na kidogo, nikawasomea imefanya nini. Bati la nyumba tuliyokalia kikao. Dawa za sukari za mamkubwa. Mazishi ya babu. Na mstari mrefu kuliko yote, ada ya chuo cha uuguzi, mihula yote sita. Nikasema, dada ameosha vyoo vya watu miaka 6 ikapatikana diploma moja, sasa tunataka kuuza kiwanja tumlipe mtu milioni 3 aipeleke hiyo diploma ikaoshe vyoo vilevile. Sauti ilinikatika, sioni aibu kusema.

Dada hakuwa ameongea siku nzima. Akamwambia tu mama yake, "Mayu, mimi nilienda kwa sababu sikuwa na cheti. Huyu anacho." Kiwanja hakikuuzwa.

Yule wakala tulimwuliza kama amesajiliwa, tukamwambia tutapita ofisi za TaESA, zile za serikali za huduma za ajira, kuhakikisha, hakupiga tena. Kazi za namna ile gharama za safari kwa kawaida anabeba mwajiri, ukiona unadaiwa milioni 3 shtuka.

Binti sasa hivi anasoma Kijerumani. Nesi kutoka nje ya Ulaya anayetaka kufanya kazi Ujerumani lazima diploma yake itambuliwe kule na lugha ifike kiwango cha B2, ngazi moja juu ya B1, ni njia ndefu na makato ya mshahara kule ni makubwa, ila ataingia kwa fani yake, na fundi mwenye cheti kilichotambuliwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, kwa hiyo mawakala hawatakiwi kuja kuzoa manesi huku, anaomba mwenyewe. Na ajira ya serikali ikitoka kabla, anaenda, hilo tumekubaliana.

Ada ya lugha anayeilipa ni dada. Ile milioni 1 na laki 8 aliiweka kwenye dagaa, saa 10 alfajiri yuko Mwaloni, namwona kila siku nikifungua mzani. Kaka anaongezea dola 100. Mtihani wa B1 binti keshafaulu, alienda Dar kuufanyia na dada ndo alimkatia tiketi ya basi stendi ya Nyegezi. Jioni yake dada akanipokonya daftari akafungua ukurasa mpya wa mdogo wake, juu akaandika kwa mkono wake vitu anavyotoka navyo, diploma ya uuguzi, B1, deni hana. Safu ya hela alizotuma ameiacha bila kuichora.